Jinsi ya kuajiri wahitimu kabla hawajatoka chuoni

Maelezo haya ni kwa kampuni ya Tanzania inayotafuta wahandisi au wahasibu kumi hivi.

Hatua ya 1: Nafasi kwanza. Usiombe chuo ukumbi wa kukutana na wanafunzi kabla nafasi na mshahara havijapitishwa. Kampuni iliyokwenda "kujitambulisha" tu hurudi na CV zinazoishia kabatini, na mwakani wanafunzi hawaji.

Hatua ya 2: Tarehe. Hapa ndipo wengi hukosea. Vyuo vingi hufungua Oktoba au Novemba na kumaliza mwaka Julai. Omba almanaka ya chuo husika, lenga katikati ya muhula wa pili, testi zikishapita. Ukienda wiki mbili kabla ya mitihani ya mwisho utahutubia viti. Ukisubiri mahafali, wazuri wameshachukuliwa, mara nyingi na kule walikofanyia fildi (mafunzo kwa vitendo). Barua iende kwa Mshauri wa Wanafunzi wiki sita kabla, nakala kwa mkuu wa idara. Halafu watafute viongozi wa madarasa. Ujumbe wao kwenye makundi ya WhatsApp hujaza ukumbi kuliko bango la getini.

Hatua ya 3: Siku yenyewe. Saa mbili zinatosha: dakika 20 za kampuni, zilizobaki maswali. Nenda na mhandisi aliyeajiriwa miaka miwili iliyopita, kwani wataulizia kituo cha kazi, zamu na nyumba, na ofisa rasilimali watu peke yake atababaika. Taja mshahara. Fomu iwe na jina, simu, namba ya usajili, kozi, GPA (wastani wa alama za chuo) na mikoa anayokubali kupangiwa. Iandike pia taarifa hizo ni za kazi gani, na mwombaji asaini: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Nakala ya kitambulisho cha NIDA haihitajiki bado.

Hatua ya 4: Mchujo. Kwenye kipimo cha 5, daraja la pili la juu huanzia 3.5. Kukata hapo ni rahisi, ila unamtupa mwenye 3.4 aliyeshika vifaa kweli fildi. Kata 3.0, mtihani umalizie kazi: dakika 45, kwenye karatasi (umeme hauna miadi), seti A na B ili majirani wasinakiliane. Kwa nafasi kumi, ita 60 kwenye mtihani na 25 kwenye usaili.

Hatua ya 5: Jibu. Usaili ndani ya siku kumi, majibu ndani ya wiki, hata kwa waliokosa. Toa barua 12, maana wawili hivi watakwenda kwingine. Hakikisha tu bajeti inabeba wote wakikubali. Sharti la barua liwe kufaulu, si kuwasilisha transkripti, ambayo huchelewa. Pokea matokeo ya muda.

Hatua ya 6: Mkopo. Mnufaika wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) hukatwa 15% ya mshahara wa msingi, na mwajiri anatakiwa kuiarifu Bodi ndani ya siku 28 tangu kumwajiri. Mwambie mapema, siku ya usaili. Akiligundua kato hilo kwenye hati ya mshahara wa kwanza, atadhani mmempunja.