Jinsi ya Kuwasilisha Malalamiko ya Moshi na Maji Machafu ya Kiwanda Zanzibar

Mkaazi anayeamini kuwa moshi, vumbi au maji machafu ya kiwanda yanamdhuru hupeleka malalamiko yake Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, ambayo wengi tunaiita ZEMA, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 3 ya 2015.

Kabla ya barua, weka daftari kwa wiki mbili au tatu. Kila siku andika tarehe, saa moshi ulipoanza na ulipokwisha, rangi, harufu, na upepo ulikuwa ukitoka wapi. Jambo la upepo lisidharauliwe: kusi ikivuma moshi huelekea kaskazini, na kaskazi ikiingia hugeuka kuelekea kusini, kwa hivyo mkaguzi anayefika baada ya msimu kubadilika anaweza kusimama uani kwako asione wala asinuse kitu. Daftari lako ndilo litakalomwonyesha akasimame upande gani wa kiwanda, na saa ngapi.

Akiwapo mgonjwa nyumbani, mpeleke kituo cha afya na uombe maelezo ya maandishi. Daktari ataandika alichokiona, kwa mfano pumu iliyozidi. Usimshurutishe aandike kuwa kiwanda ndicho sababu, kwani chembe laini za moshi, zisizozidi mikromita 2.5, huingia ndani kabisa ya mapafu bila kuonyesha zilikotoka, na jiko la kuni nalo huzitoa. Kama unapikia kuni, litaje hilo mwenyewe kwenye barua kabla hujaulizwa.

Kisima kikibadilika rangi au harufu, acha kuyanywa maji yake. Kuyachemsha huua vijidudu tu, hakuondoi madini mazito. Usijaze chupa ya soda ukaiita sampuli. Omba wataalamu waje kuchota wenyewe.

Barua ikae ukurasa mmoja: jina lako, shehia, wilaya, mahali kiwanda kilipo, madhara uliyoyaona, na unachokiomba, yaani ukaguzi, upimaji, kuangaliwa kama kiwanda kinafuata masharti ya cheti chake cha tathmini ya athari za mazingira (kinachotolewa baada ya kuchunguzwa madhara ya mradi kwa mazingira), na majibu ya maandishi. Ambatisha nakala ya daftari na ya maelezo ya daktari, kisha ipitishe kwa sheha. Majirani wakitia saini pamoja nawe, itakuwa na uzito zaidi.

Chukua nakala mbili. Moja ipigwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Majibu yakichelewa, hiyo ndiyo utakayokwenda nayo kuulizia.