Kabla ya kuwapeleka watoto mikokoni, wape penseli

Mwalimu mwenzangu wa gredi ya saba hapa Lamu aliniuliza aanzie wapi kuwafundisha watoto kuhusu mikoko. Nilimwandikia haya.

1. Siku. Nenda wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi mpevu au mwandamo, maji yakipwa kama saa nne asubuhi. Maji mafu, yanapopwa kidogo tu, usijisumbue: saa hizo mizizi imezama.

2. Mchoro wa kwanza. Siku moja kabla, karatasi tupu na penseli: "Chora mkoko na viumbe vinavyoutegemea, halafu onyesha kwa mishale nani anakula nini." Usifundishe chochote kwanza. Maswali ya kuchagua jibu siyataki, mtoto huotea tu.

3. Kusoma michoro. Hapa nilipoteza usiku mzima. Michoro 38, na karibu yote mshale unatoka kwa kaa kwenda kwenye jani. Vitabuni mshale huelekea kwa mlaji, maana unafuata nishati inakokwenda. Nikatia alama za makosa kotekote. Asubuhi nikamwuliza binti mmoja mshale wake unasema nini. "Kaa anaenda kula jani, mwalimu." Basi alijua kila kitu isipokuwa desturi ya vitabu! Tangu siku hiyo sisahihishi mshale kabla sijamwuliza aliyeuchora. Ila usilegee mno: akikwambia jani linapata nguvu kutoka kwa kaa, hilo si kosa la uchoraji tena.

Tazama pia kisichochorwa. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko huku kwetu, na watoto hawa fito na boriti, miti ya mikoko myembamba na minene ya kujengea, wanazitofautisha hata gizani. Lakini tope huliacha jeupe. Bakteria na kuvu wanaoozesha majani hawamo, kwa hiyo jani likianguka, kwa watoto ni taka.

4. Ng'ambo, kisiwani Manda. Simu zibaki kwenye boti. Mtoto akipiga picha, haangalii tena. Kila mmoja alambe jani la mchu, aina mojawapo ya mkoko, aonje chumvi inayotolewa na mti. Vile vijiti vilivyochomoza chini yake, uliza ni nini. Wengi watasema miche. Usibishe; waambie wachimbe kwa vidole hadi waufikie mzizi mrefu uliolala topeni, vijiti vyote vimeota juu yake. Hapo ndipo unaweza kutaja kwamba vijiti hivyo ni mizizi inayovuta hewa. Halafu wakae kimya dakika kumi, wamwone kaa akiburura jani shimoni.

5. Mchoro wa pili. Juu ya karatasi ileile, kwa kalamu nyekundu. Vifutio vyote navikusanya mimi kabla.