Kufundisha Mihimili ya Dola kwa Mbinu ya Vipande

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye wanafunzi wake hutaja Bunge, Serikali na Mahakama bila kusita, lakini wakiulizwa nani anaweza kumzuia nani, hunyamaza. Mbinu ninayoipendekeza kuliko nyingine zote ni ya vipande, ambapo kila mwanafunzi hujifunza sehemu moja ya somo kisha akawafundisha wenzake. Ilibuniwa na mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake mwaka 1971 mjini Austin, Texas, wakati watoto wa rangi mbalimbali walipoanza kuchanganywa madarasani na uhasama ukazuka kati yao.

Hatua ya 1. Gawa somo katika vipande vinne: Bunge, Serikali, Mahakama na raia.

Hatua ya 2. Unda vikundi vya wanafunzi wannewanne, kila mmoja na karatasi yenye kipande chake. Wapange wewe mwenyewe, kwa maana wakichaguana, wasomaji hodari hujikusanya pamoja.

Hatua ya 3. Wenye kipande kimoja wakutane kukichambua. Hapa usiharakishe. Watoto wasipoandaliwa, hurudi kwa wenzao na kusoma karatasi kwa sauti huku wengine wakinakili, na kipindi huisha bila yeyote kuelewa. Kwa hiyo wape maswali matatu: mhimili huu hufanya nini, hauruhusiwi kufanya nini, na nani huudhibiti? Wenye kipande cha raia waulizwe haki zao, wajibu wao, na njia walizonazo za kuwawajibisha viongozi. Kisha wafanye mazoezi ya kufundishana wawiliwawili, na karatasi zikusanywe kabla hawajatawanyika. Kila mmoja abaki na kadi yenye maneno machache au mchoro alioutengeneza mwenyewe. Pita ukisikiliza, kwani kosa lisiporekebishwa hapa, kwa mfano mtoto akiamini kwamba hakimu ndiye anayekamata wahalifu, litasambaa katika vikundi vyote. Darasa likiwa kubwa, gawanya kila kundi la wachambuzi ili lisizidi watoto sita, la sivyo wawili watazungumza na waliobaki watatazama.

Hatua ya 4. Warudi kwenye vikundi vyao, wafundishane.

Hatua ya 5. Toa kisa kisichoweza kujibiwa kwa kipande kimoja: sheria mpya inakataza watoto kucheza katika viwanja vya umma. Nani aliitunga, nani anaitekeleza, nani anaweza kuibatilisha, na raia wasioridhika wafanye nini?

Hatua ya 6. Kila mtoto afanye jaribio peke yake. Sikubaliani kabisa na kukipa kikundi kizima alama moja kwa kazi ya pamoja, kwa sababu humwonea mwenye bidii na kumficha mzembe. Ukitaka kukituza kikundi, fuata utaratibu wa mtafiti wa elimu Robert Slavin: jumlisha maendeleo ya kila mwanafunzi akilinganishwa na alama zake mwenyewe za awali.