Somo: Kupaka rangi pazia la nyuma la baleti

Baleti inataka sakafu tupu. Anayeruka na kuzunguka hawezi kukwepa ngazi wala nguzo, ndiyo maana msitu, jumba au bahari nzima hupakwa kwenye pazia moja la nyuma na mapazia membamba ya pembeni. Hapa tunatengeneza pazia la mita 10 kwa 6.

Kitambaa. Chukua amerikani nzito isiyopaushwa. Mishono ilale mlalo. Uzito wa pazia utaivuta inyooke. Mshono wa wima hujikunja, na taa za pembeni zikiwaka kila mtu atauona. Juu shona mkanda imara wenye matundu ya kamba kila sentimita 30, chini acha mfuko wa kupitisha bomba. Dawa ya kuzuia moto hutiwa sasa, kabla ya rangi.

Kubana. Fanyia kazi kwenye sakafu ya mbao, utandaze karatasi ya kaki kwanza. Plastiki usiiguse: maji hayana pa kwenda, rangi hutuama na kuacha mabaka. Piga uzi (ukaze ukiwa na unga, uuvute na kuuachia ili uache mstari) upate mstatili, kisha pima kona hadi kona. Mishazari yote miwili isome mita 11.66, ikitofautiana, rekebisha kabla ya pini ya kwanza. Bana ukingo wa juu kwa stepla kila sentimita 10, halafu wa chini, mwisho pande mbili, ukianzia katikati kuelekea kona.

Wanga. Pika wanga uwe kama uji mwepesi, upake kwa brashi pana. Amerikani hunywea ikiloa, na pini ndizo zinazoizuia. Usiikanyage mpaka ikauke kabisa, maana nyayo hazifutiki.

Kukuza mchoro. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kwa skeli ya 1:25 mchoro wako ni sentimita 40 kwa 24. Ugawe kwa miraba: mraba wa sentimita 2 unakuwa nusu mita kwenye kitambaa. Piga uzi kwa unga wa mkaa, kwa sababu chaki ya rangi hupenya hadi juu ya rangi. Funga kijiti cha mkaa kwenye mwanzi wa mita 1 uchore ukiwa umesimama, mkono wote ukienda. Ukipiga magoti utachora vipande visivyoungana. Mwaka 1924 mchoraji wa mapazia ya jukwaa Alexander Schervashidze alikuza picha ndogo ya Picasso ya wanawake wawili wakikimbia ufukweni ikawa pazia la baleti *Le Train Bleu*, na Picasso aliridhika hata akaliwekea saini. Hicho ndicho kipimo cha ukuzaji.

Rangi. Akriliki isiyong'aa, uzito wa maziwa. Anza na maeneo makubwa ya mbali, maliza na ya karibu. Kila baada ya hatua panda ngazi ndefu utazame kupitia darubini uliyoigeuza: pazia litakuwa dogo kama linavyoonekana kutoka viti vya nyuma. Mita 2 za chini ziwe tulivu, bila weupe mkali wala michoro midogo midogo. Huko ndiko miguu na mikono ya wachezaji inapopaswa kusomeka.

Maswali ya wanachama

*Fundi, rangi imepasuka baada ya pazia kukunjwa. Nimekosea wapi?*
Ilikuwa nzito. Ganda nene halipindi pamoja na kitambaa. Sugua sehemu hiyo taratibu kwa brashi kavu, upake upya kwa rangi nyepesi. Kuanzia sasa livingirishe kwenye bomba pana.

*Bluu yangu jukwaani inaonekana kijivu.*
Ni taa. Mwanga wa kaharabu (wa njano iliyoiva) huiua bluu. Kabla ya kupaka pazia lote, paka kipande cha mita 1, kitundike chini ya taa zitakazotumika, ndipo uchanganye rangi.

*Je, mikunjo naweza kuinyunyizia maji kwa nyuma?*
Ukungu mwepesi tu, pazia likiwa limetundikwa na bomba lake liko chini. Kama dawa ya moto ni ya chumvi, jaribu kwanza pembezoni: chumvi ikiloa husafiri na kuacha duara jeupe.

*Kingo za pembeni zinajikunja kuelekea ndani, ingawa bomba limo.*
Pima bomba. Likiishia sentimita 20 kabla ya ukingo, sehemu hiyo haina uzito. Lifike mwisho wa mfuko pande zote mbili.