Kijana anatoka jela: nyumbani jipangeni kabla hajafika

Mdogo wangu alifungwa miaka miwili kwa kesi ya wizi, akiwa na miaka 19. Tulihesabu kwa vidole pale pale kortini kwamba atatoka mwezi fulani, kumbe hatujui kitu. Sheria ya Magereza ya 2006 hapa Uganda inampunguzia mfungwa mwenye nidhamu theluthi moja ya kifungo, kwa hiyo miaka miwili ikawa miezi 16, na siku anatoka sisi bado tunajipanga. Akapanda taksi mwenyewe mpaka huku Busia na lile shati alilokamatwa nalo, linamning'inia kama limeanikwa, akafika usiku tumeshakula na sufuria zimeshaoshwa. Naandika ili yasikukute.

Cha kwanza, ukienda kumuona muulize ofisa wa ustawi pale gerezani tarehe yake ni lini, na usiulize mara moja tu, uliza kila ukienda. Uliza pia anatoka vipi. Kumaliza kifungo ni kitu kimoja, dhamana ni kitu kingine kabisa, mwenye dhamana kesi yake bado iko na asipofika korti siku aliyopangiwa wanatoa hati ya kumkamata na wewe mdhamini wanakutafuta. Kuna wale wanaopewa kazi za jamii badala ya kifungo, hao wana siku zao za kuripoti, ziandike ukutani mahali kila mtu wa nyumba anaona.

Halafu kabla hajafika, nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Wengi wanaruka hapa kwa sababu ya aibu, wanataka kijana aingie kimya kimya usiku. Haiwezekani jamani, kijiji kitajua kesho yake asubuhi, sasa afadhali kisikie kutoka kwenu. Sisi tulienda tumechelewa, siku ya tatu, baba na mimi, tukamwambia mwenyekiti mtoto wetu amerudi, amemaliza, anakaa kwetu, kukiwa na neno lolote uanzie kwetu usianzie kwake. Maneno ya mtaa ni kazi ya familia, si kazi yake, yeye akianza kujieleza mlango kwa mlango atachoka ndani ya wiki moja arudi kwa marafiki wasiomuuliza kitu, na hao ndio wale wale.

Kama aliyeibiwa anaishi karibu, usimpeleke kijana peke yake kuomba msamaha. Tanguliza mzee wa ukoo na mwenyekiti, wasikilize kwanza kama aliyeibiwa yuko tayari. Asipokuwa tayari acheni, msilazimishe, mtarudi siku nyingine.

Wiki ya kwanza ndiyo inachanganya watu. Mdogo wangu aliamka saa kumi na moja alfajiri, akakunja blanketi vizuri kabisa, akakaa chini kando ya mlango. Anangoja kuhesabiwa. Alikuwa akitaka kwenda choo anaomba ruhusa. Siku moja baba alimwita, akaja akachuchumaa mbele yake akajibu "ndiyo afande", na baba akatoka nje akajifanya anatafuta kuni. Ukiona hivyo usicheke na usimkaripie, wala usiite mchungaji au shehe aje kumhubiria siku ile ile, mahubiri ameshasikia ya kutosha kule. Mpe vitu vidogo vya kuamua yeye: leo tupike nini, pesa ya sokoni hii hapa, nenda mtaa wa Sofia uniletee nyanya. Na chenji usiihesabu mbele yake. Mimi niliihesabu mara moja, bila hata kufikiri, na ule uso wake bado nauona.

Msimuulize ya ndani. Atasema akitaka, ya mdogo wangu yalianza kutoka kama mwezi wa pili tukiwa tunachambua maharage, ambayo yeye mwenyewe mpaka leo hali, anasema posho (ugali) na maharage amemaliza sehemu yake ya dunia.

Makaratasi sasa. Barua ya kuachiliwa piga kopi tatu, moja mama aweke. Kitambulisho cha taifa kama kimepotea chukua ripoti ya polisi, halafu nenda NIRA, ofisi ya serikali ya vitambulisho. Msichelewe na hili, maana bila kitambulisho hapati laini ya simu, bila laini hana mobile money, na kwetu huku mpakani kijana asiye na kitambulisho ni matatizo kila akisimamishwa. Kama alijifunza ushonaji au useremala kule ndani, uliza kama alifanya mtihani na cheti kiko wapi, kifuatilieni mapema kabla watu hawajamsahau.

Afya pia. Kama alianzishwa dawa za TB, zile kwa kawaida ni miezi sita bila kukosa, na ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, ni za kila siku, kwa hiyo siku ya kumchukua omba barua ya kuhamishia dawa kituo cha afya cha karibu, na dawa za serikali ni bure. Halali usiku, anaongea peke yake, anarukia watu? Mpelekeni kituoni pia, msikimbilie kusema amerogwa.

Kazi: usimnunulie boda boda mwezi wa kwanza! Najua kila mtu anafikiria boda. Mkopo unaanza kukimbia siku ile ile, steji ina mwenyekiti wake na ada zake, na akikosa malipo wiki mbili pikipiki inachukuliwa, hapo amefungwa mara ya pili. Aanze na kinacholeta pesa jioni hiyo hiyo. Sisi tulimpa jiko la mkaa, unga, mafuta na trei moja ya mayai, akaanza kupiga rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, kando ya barabara karibu na nyumbani ambapo mama anamuona. Siku za kwanza chapati zilikuwa ngumu kama soli ya kiatu lakini watu walinunua tu.

Kama ni mtoto chini ya miaka 18, alikuwa rimandi homu (mahabusu ya watoto) ya Mbale au kituo cha kurekebisha watoto cha Kampiringisa kwa mfano, mambo ni tofauti kidogo. Tafuteni ofisa wa probesheni na ustawi, kila wilaya anaye, asaidie kuongea na mwalimu mkuu ili mtoto arudi darasani mwanzo wa muhula, si katikati ambapo kila mtu anauliza alikuwa wapi. Wanafunzi na walimu wengine si lazima wajue.

Na mjiandae kwa siku ya kitu kupotea, maana itakuja. Kwetu ilikuwa kuku wa jirani. Asubuhi tu watu wanne uani, mmoja ana fimbo, na wote tunajua mwizi anafanywa nini huku kwetu kabla polisi hawajafika. Tulikuwa tumeshakubaliana: yeye asikimbie, anayekimbia amejihukumu, aingie ndani, mama akae mlangoni, mimi nipige simu kwa mwenyekiti. Namba iwe kwenye simu ya kila mtu wa nyumba. Mwenyekiti alikuja na kandambili hajanawa hata uso, akawauliza nani amemuona akichukua, kimya, akawatuma nyumbani.

Kuku alionekana siku ya tatu, analalia mayai nyuma ya jiko la mwenyewe. Kuomba msamaha hakuna aliyekuja. Ila yule mama mwenye kuku siku hizi ananunua rolex kwa mdogo wangu kila jioni, anadai aongezewe nyanya, na analipa kesho.