Namna ya kuyatunza mahaba baada ya fungate kwisha

Katika ndoa za pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga na Unguja, fungate ni zile siku saba ambazo maharusi hawatakiwi kushughulika na jambo lolote isipokuwa kujuana. Bi harusi husingwa kwa liwa, nywele zake hufukizwa udi, kikuba, yaani kifungu cha maua ya asumini na mkilua, huwekwa kifuani, kitanda hutandikwa upya, na chakula huja kikiwa kimepikwa na watu wengine. Siku ya nane mume hurudi dukani au ofisini, mke hurudi kwenye shughuli zake, chetezo cha kufukizia udi hupandishwa juu ya kabati, na baada ya miaka kumi wawili hao hushangaa moto ulikwenda wapi. Jibu wanalojipa ni kwamba wamezoeana. Mimi nimo katika mwaka wa 22 wa ndoa, na naliona jibu hilo kuwa ni nusu tu: upya ulisaidia, lakini sehemu kubwa ya joto la siku zile ilitokana na kazi ya mikono, na kazi hiyo ilisimama pasipo mtu yeyote kutangaza kwamba imesimama. Maelekezo haya yanahusu namna ya kuianza tena.

Kabla ya yote, ondoeni dhana kwamba mahaba lazima yafe. Mwaka 2012 Bianca Acevedo na wenzake walichapisha utafiti uliopima ubongo wa watu 17, wanawake 10 na wanaume 7, ambao walikuwa wameishi katika ndoa kwa wastani wa miaka 21 na bado walisema wanawapenda wenzao kwa ashiki. Walipotazama picha za wenzao, sehemu za ubongo zenye dopamini nyingi, kemikali inayohusika na raha na hamu, zilichangamka kama zinavyochangamka kwa watu walioanza kupendana karibuni. Watu 17 ni wachache, tena walichaguliwa kwa sababu walikuwa wanapendana, kwa hiyo utafiti huo hautuambii ni ndoa ngapi ziko hivyo. Unatuambia tu kwamba jambo hilo linawezekana, na kwa mtu anayeanza kazi, hilo linatosha.

Hatua ya kwanza ni kuitazama nyumba yenu kwa siku saba bila kubadilisha chochote na bila kulaumiana. Angalia ni saa ngapi mnaonana mkiwa wawili tu na hamjachoka. Angalia mnaitana nani: wengi walioitana kwa majina ya mahaba wamegeuka kuwa Baba Fulani na Mama Fulani hata wakiwa chumbani, na jina hilo, lenye heshima yake mbele za watu, humkumbusha mtu ada ya shule mahali ambapo angepaswa kukumbuka kitu kingine. Angalia nani analala kati yenu. Mtoto wa miaka minne aliyezoea kulala katikati ya wazazi hatatoka kwa amri ya usiku mmoja. Mwandalieni kitanda chake mchana, alale pale kwanza usingizi wa mchana, kisha wa usiku, na mmoja wenu akae naye hadi alale. Ikiwa nyumba ina chumba kimoja, pazia zito na saa ambayo watoto wako madrasa au kwa bibi yao vitafanya kazi ambayo ukuta ungefanya. Simu zilale nje ya chandarua. Na ikiwa mnalala mzungu wa nne, kichwa cha mmoja miguuni pa mwingine, basi msianze na udi; anzeni na ugomvi uliowafikisha hapo, nao nitaufikia.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo kiini cha jambo lote, ni maandalizi. Watu wengi hungoja hamu ije yenyewe ndipo wasogeleane, na isipokuja huhitimisha kwamba mapenzi yamekwisha. Daktari Rosemary Basson wa Kanada alieleza mwaka 2000 kwamba kwa wanawake wengi, hasa walio katika uhusiano wa muda mrefu, hamu mara nyingi haitangulii: mtu huanza akiwa ametulia na yuko tayari kuguswa, kisha hamu hufuata baada ya ukaribu kuanza. Makungwi wetu walilijua hilo zamani bila kuliandika, ndiyo maana waliwafundisha wari, yaani mabinti waliowaandaa kwa ndoa, kuanza mapema. Hata hivyo, kuwa tayari ni tofauti kabisa na kulazimishwa, na mwenzako akisema leo hapana, iishie hapo bila kununa.

Maandalizi yaanze mchana. Ujumbe mfupi usiohusu unga wala umeme, kwa mfano “nimekukumbuka, usichelewe leo”, humfanya mtu arudi nyumbani akiwa na jambo moyoni. Jioni badilisheni mashuka, hata kama yaliyopo hayajachafuka. Chukua chetezo, weka makaa mawili au matatu yaliyoshika vizuri na kuota majivu juu, kwa kuwa kaa lenye mwali huunguza udi ukatoa moshi mchungu badala ya harufu. Weka kipande kidogo cha udi, funga madirisha, fukiza chumba kikiwa hakina mtu, kisha tundika juu ya moshi nguo mtakazovaa usiku. Baada ya robo saa fungua dirisha moja ili moshi utoke na harufu ibaki. Toa makaa nje kabla ya kulala, maana makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa inayoua. Mwenye pumu asifukize kabisa. Kiganja cha asumini juu ya mto kinamtosha. Na wasomaji wa bara ambao udi si desturi yao wasijisumbue kuutafuta, kwa sababu kinachofanya kazi hapa ni ile habari inayobebwa na harufu, kwamba kuna mtu ameniwaza tangu mchana.

Hapa nina lalamiko dhidi ya mafunzo ya zamani. Somo, yaani kungwi wa bi harusi, alimfundisha mwanamke kunukia, kukanda na kupokea, lakini mwanamume akaachwa aingie chumbani na jasho la mchana kutwa. Mume anayetaka fungate irudi aoge kabla ya kupanda kitandani, apige mswaki, akate kucha, avae kikoi safi, na ajifunze kukanda mabega na miguu ya mkewe bila kuharakisha kufika kwingine. Aoshe pia vyombo vya usiku. Sisemi hili kwa mzaha: mwanamke aliyesimama jikoni hadi saa nne hana mwili wa kuleta chumbani, na saa moja aliyopunguziwa kazi ina thamani kuliko chupa ya marashi.

Wekeni pia siku maalumu. Wapo wanaodai kwamba mapenzi ya ratiba hayana ladha, lakini fungate yenyewe ilikuwa ratiba, iliyojulikana na ukoo mzima, na hakuna aliyeilalamikia. Mkikubaliana usiku wa Alhamisi, mnapata siku nzima ya kungoja, na kungoja ndiko kunakokoleza.

Hatua ya tatu ni kufanya pamoja jambo ambalo nyote wawili hamlijui. Mwaka 2000 Arthur Aron na wenzake walichapisha majaribio ambamo wapenzi walifungwa pamoja vifundo vya mikono na miguu, wakatambaa juu ya magodoro ya mazoezi huku wamebana mto kati ya miili yao, kazi ya dakika chache iliyowafanya wacheke. Baadaye waliuona uhusiano wao kuwa bora zaidi kuliko wale waliopewa kazi ya kuchosha ya kuviringisha mpira polepole. Hamna haja ya kutambaa. Pandeni daladala ya njia msiyoijua hadi kituo cha mwisho, mshuke, mle kinachouzwa hapo, mrudi. Jifunzeni kuogelea kama hamjui. Kwenda kila Jumamosi kwenye mkahawa uleule ni kuzuri, lakini hakuingii katika hesabu hii.

Sambamba na hilo, kila mmoja awe na mambo yake. Mume awe na baraza lake, mke awe na kikoba chake cha kuweka akiba na wenzake, kisha siku moja mtazame mwenzako akiwa katikati ya watu wengine anafanya jambo analolimudu. Nilimwona mume wangu akipatanisha ndugu wawili juu ya mpaka wa shamba, na jioni ile nilimtazama kama mgeni aliyenivutia njiani.

Sasa ugomvi. Kununiana kwa siku tatu huua mahaba haraka kuliko kugombana kwa sauti, na kunyimana unyumba kama adhabu huharibu zaidi, kwa sababu kitanda hugeuka mahakama. Mazungumzo ya chumbani yasifanyike chumbani: yafanyeni mkitembea, tumbo likiwa limeshiba. Sema unachotaka badala ya kuhesabu makosa. “Napenda ukinishika mkono tukiwa tumelala” husikika, ilhali “hunishiki hata siku moja” humfanya mtu ajitetee. Likiwashinda, tafuteni mtu mmoja mwenye siri, aliyekuwa mshenga au shangazi mwenye busara, wala msilifikishe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Kuna wakati udi, safari na maneno mazuri havifui dafu kwa sababu tatizo liko mwilini. Anayenyonyesha na aliyefikia kukoma hedhi huweza kupata ukavu unaouma, na kilainishi cha maji kutoka duka la dawa husaidia. Kisukari, shinikizo la damu na baadhi ya dawa zake, pamoja na sonona, huweza kupunguza nguvu au hamu, na mwanamume anayeishiwa nguvu apime sukari na presha kabla ya kununua chochote barabarani. Vidonge vya sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, vikimezwa na mtu anayetumia dawa za moyo za kundi la nitrati huweza kushusha presha kwa kiasi cha kuua, na baadhi ya dawa zinazouzwa kama mitishamba zimekutwa na sildenafili bila kuandikwa.

Mwisho niwazungumzie walio mbali, kwa kuwa wengi wetu mwenza mmoja yuko Muscat, Dubai au melini. Tumeni ujumbe wa sauti badala ya maandishi, maana sauti hubeba pumzi. Tuma kanga yenye jina linalosema unachoona haya kukitamka, na uichague wewe mwenyewe. Anaporudi, usiku wa kwanza uwe kama wa fungate: watoto wamsalimie, wapewe zawadi zao, kisha wapelekwe kwa bibi. Karatasi za madeni na fundi wa bati wasubiri hadi asubuhi.