Kumeza dawa za homa ya ini C kwa usalama, kuanzia kipimo hadi kidonge cha mwisho

Mgonjwa wa homa ya ini aina C anayeanza tiba leo hii anapewa kitu ambacho waliotibiwa kabla ya mwaka 2013 hawakukipata, yaani vidonge vya kumeza mara moja kwa siku, mara nyingi kwa wiki 12, ambavyo huondoa virusi kabisa kwa zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100. Tiba ya zamani ilikuwa sindano za interferoni zilizochomwa kwa miezi mingi, zikamwachia mtu homa na unyonge, na wengi walizimaliza bila kupona. Kwa kuwa vidonge vya sasa havisumbui sana mwili, kuna wanaovichukulia kama dawa ya mafua, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Katika miaka niliyokaa kwenye dirisha la dawa hapa Mtwara nimejifunza kwamba vidonge hivi mara chache humdhuru mtu vikiwa peke yake. Shida huja vinapokutana na dawa nyingine ambayo mgonjwa hakuitaja, au na ugonjwa mwingine ambao hakuna aliyeupima.

Kipimo cha haraka cha tone la damu kikionyesha kwamba una homa ya ini C, usikimbilie kununua dawa. Kipimo hicho hutafuta kinga ambazo mwili ulitengeneza ulipokutana na virusi, na watu wapatao watatu katika kila kumi huviondoa wenyewe ndani ya miezi sita ya mwanzo huku kinga zikibaki. Ni lazima upimwe virusi vyenyewe kwenye damu. Kituo kilicho karibu nawe kisipokuwa na kipimo hicho, anza kwa kuulizia hospitali ya Ligula au hospitali ya kanda iliyopo Mitengo, na ukiwa Lindi, ulizia hospitali ya Sokoine, ili uelekezwe mahali sampuli inapoweza kupelekwa. Daktari atahitaji pia kujua hali ya figo, kama ini limeshaanza kusinyaa, kama una VVU, na kwa mwanamke, kama ana mimba au ananyonyesha. Aliyewahi kujaa maji tumboni, kutapika damu au kuchanganyikiwa kwa sababu ya ini anahitaji daktari bingwa, kwani mpango wake wa dawa ni tofauti.

Kipimo ambacho ningekusihi usikubali kuanza tiba bila hicho ni cha homa ya ini B. Virusi vya B na vya C vinaweza kukaa katika ini moja, na mara nyingi vya C huvikandamiza vya B hata vikaonekana kama vimelala. Dawa zikishaviondoa vya C, vya B vinaweza kuamka kwa nguvu na kulishambulia ini hadi likashindwa kazi. Kwa sababu hiyo, mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo zito kuhusu jambo hili liwekwe kwenye maelezo ya dawa zote za kundi hili. Mwenye B hakatazwi tiba ya C, ila hufuatiliwa kwa karibu, na pengine huanzishiwa dawa ya B kwanza.

Sasa nije kwenye dawa nyingine. Mzee mmoja kutoka Tandahimba alikuja na mfuko wake, nikamwamkia, kisha nikamwomba anionyeshe kila kitu anachokimeza. Akatoa dawa za presha akazipanga juu ya meza. "Hizi tu, mwanangu." Nilipomuuliza kama huwa anasumbuliwa na tumbo, akatia mkono kwenye mfuko wa shati akatoa karatasi ya vidonge vya omeprazoli iliyobaki viwili. "Hivi si dawa, ni vya kiungulia." Mzee huyu alikuwa akipewa sofosbuviri pamoja na velpatasviri, dawa mbili za C zilizo katika kidonge kimoja, na velpatasviri huhitaji asidi ya tumbo ili iingie kwenye damu. Ukiizima asidi hiyo kwa omeprazoli, unameza kila siku na kiasi kinachofika kwenye ini hakitoshi. Dawa za kutafuna za kiungulia zinaweza kutumika ikiwa zitaachana na kidonge kwa saa 4, lakini omeprazoli ni bora isitumike kabisa, isipokuwa kwa mpango aliouweka daktari. Anayetumia sofosbuviri na daklatasviri hana tatizo hili, na ndiyo maana ni muhimu ujue jina la dawa uliyopewa.

Zipo dawa ambazo mgongano wake ni mkubwa zaidi. Rifampisini ya kifua kikuu, na dawa za kifafa kama karbamazepini, fenitoini na fenobabitoni, hulifanya ini livunje dawa za C kabla hazijafanya kazi, kwa hiyo mara nyingi daktari huamua mgonjwa amalize kwanza dawa za kifua kikuu. Amiodaroni, ambayo hutumiwa na baadhi ya wagonjwa wa moyo, ikikutana na sofosbuviri inaweza kupunguza mapigo ya moyo hadi kiwango cha hatari. Anayetumia ARV ataje majina yote: efavirenzi haiendi na velpatasviri, na ikiwa pamoja na daklatasviri, kipimo cha daklatasviri hupandishwa kutoka miligramu 60 hadi 90. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi, kwa sababu virusi vinapopungua sukari nayo inaweza kushuka, na dawa aliyoizoea ikawa nyingi mno kwake. Ukishikwa na malaria katikati ya tiba, usiache vidonge. Nenda upime, na umwonyeshe anayekuandikia dawa mseto chupa uliyonayo. Mwenye ini lililosinyaa asizidishe vidonge 4 vya paracetamol vya miligramu 500 kwa siku. Mizizi na magome ya kuchemsha yaachwe kwa wiki zote hizo, kwani baadhi ya miti huliumiza ini, na hatuna njia ya kujua kilichomo kwenye sufuria.

Chagua saa yako ya kumeza na uishike kila siku, iwe umekula au hujala. Meza kidonge kizima, kwa sababu kikitafunwa ni kichungu sana. Chupa moja kwa kawaida ina vidonge 28, na tiba ya wiki 12 ni chupa 3, yaani vidonge 84, hivyo ukihesabu vilivyobaki utajua kama umeruka siku. Usivihamishie kwenye karatasi wala kwenye kopo jingine, na usikitupe kile kifuko kidogo kilichomo ndani ya chupa, maana ndicho kinachonyonya unyevu, nasi tunaoishi pwani tunajua unyevu unavyoharibu hata chumvi. Joto lisizidi nyuzi 30, kwa hiyo dirishani, juu kabisa karibu na bati, au chini ya kiti cha pikipiki si mahali pa dawa. Ndani ya sanduku chini ya kitanda ni pazuri zaidi.

Msimu wa korosho ndio unaowakosesha watu dozi, kwa sababu familia huhamia shambani na chupa hubaki nyumbani. Tuseme saa yako ni saa 2 usiku na umesahau. Kwa mwenye sofosbuviri na velpatasviri, akikumbuka kabla hazijapita saa 18, yaani kabla ya saa 8 mchana wa kesho yake, ameze mara moja. Zikishapita, aache hicho kilichosahaulika na ameze cha saa 2 usiku kama kawaida, bila kumeza viwili kwa pamoja. Akitapika ndani ya saa 3 baada ya kumeza, arudie kingine, kisha aje tumfidie asipungukiwe mwishoni. Anayetoka Liwale wakati mvua zimeshaanza aombe chupa za kutosha kabla hajapanda basi. Uraka, ile pombe ya mabibo, nao ni wa msimu huohuo. Aliyewahi kuteleza na kuunywa asiache dawa kwa aibu, bali aache uraka na gongo, kwa kuwa pombe hulitia makovu ini lilelile linalotibiwa.

Kichwa kuuma, uchovu, kichefuchefu kidogo na kukosa usingizi ni mambo ya kawaida, na mengi hupungua yenyewe. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, tumbo likijaa au mapigo ya moyo yakilegea hadi uone kizunguzungu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Aliyeongezewa ribavirini, awe mwanamume au mwanamke, azuie mimba wakati wote wa tiba na baada yake, miezi 6 kwa mwanamume na miezi 9 kwa mwanamke, kwa sababu dawa hiyo humdhuru mtoto tumboni.

Kidonge cha mwisho kikiisha, kupona bado hakujathibitishwa. Subiri wiki 12 nyingine, kisha upimwe virusi kwenye damu. Visipoonekana, umepona. Kile kipimo cha haraka kitaendelea kuonyesha kinga maisha yako yote, kwa hiyo hifadhi karatasi ya majibu ya virusi pamoja na daftari lako la kliniki, ili mtu mwingine asije akakuanzishia tiba upya. Aliyekuwa na ini lililosinyaa aendelee kupigwa picha ya ini kila baada ya miezi 6, kwani hatari ya saratani hupungua lakini haiishi. Chanjo ya C haipo, na kinga zilizobaki hazimzuii mtu kuambukizwa tena, kwa hiyo wembe, sindano na vifaa vya kuchanjia viwe vya mtu mmoja.